Hembrow, Gida

Anayesema kugida ni kunywa tu, huyo hajawahi kugida, na simlaumu, namwonea huruma. Kwa Kiingereza cha wazee wetu neno lenyewe ni quaff, na siku hizi ukilisikia mjini ujue kuna mtu anafanya utani, kavimbisha kifua na kukaza sauti kama mfalme wa mchezo wa shule. Sisi watu wa Nettlecott hatukuliweka kabatini. Huku kwenye matofaa bado tunalituma kazi, na mtu akilitumia vibaya anasahihishwa hata kama ni mchungaji.

Mama yangu ndiye aliyenifundisha. Wakati wa kukata majani ya ng'ombe, wanawake tulipeleka mitungi ya pombe ya matofaa kondeni, naye alikuwa akisimama kando ya boma la miti akiwaangalia wanaume na kuwahukumu. Huyu amekunywa. Yule ameonja, aibu yake. Huyu sasa, huyu kagida. Kwa hukumu yake, mwenye kugida kichwa hurudi nyuma, hapumui katikati, chombo hutua kwa kishindo, na mdomo hufutwa kwa mgongo wa mkono. Ukitoa leso, ulikuwa unakunywa. Halafu sauti itoke tumboni yenyewe bila kuitwa.

Alikuwa na makatazo pia. Hakuna agidaye peke yake, maana huyo ana shida zake na aitiwe mchungaji. Na hakuna agidaye dawa. Kaka yangu aliwahi kubinua kijiko cha mafuta ya nyonyo kwa mbwembwe akatangaza kwamba amegida. Mama akamwambia hukugida, umemeza, sasa nenda kakae karibu na choo.

Basi nikaolewa na Redvers Hembrow, na kuolewa na Hembrow ni kuolewa na neno hilo. Katika baa yetu ya Kulungu Mweupe, juu ya meko, kuna kombe la mbao lenye masikio mawili, kubwa kiasi cha kuogeshea mtoto mchanga, na ubavuni limechongwa, kwa Kiingereza hicho hicho cha wazee, maneno machache tu: Nigide mpaka chini. Kila Januari tarehe kumi na saba tunalishusha na kulipeleka kwenye mtofaa mkongwe nyuma ya baa. Vijiji vingine hufanya usiku. Sisi tunafanya jioni kabla giza halijaingia, kwa sababu waliobaki wanaojua nyimbo ni wenye magoti mabovu. Kombe linajazwa, watu wote wanaita kwa sauti moja, "Hembrow, gida!" na Hembrow wa wakati huo analigida lote kwa mkupuo mmoja, kisha analipindua juu ya mizizi ili mti uone. Likibaki hata funda moja, matofaa ya mwaka huo yatakuwa makali na machache. Hakuna anayeamini jambo hilo. Lakini pia hakuna anayetaka kuwa yeye wa kulijaribu.

Babu yake Redvers aligida, baba yake akagida, na yeye mwenyewe alikuwa amegida tangu mwaka aliozikwa baba yake. Hakuwa na cheo kingine duniani. Maisha yake yote alisuka nyua za miti kwenye mashamba ya watu, kazi ambayo mtu akiifanya vizuri hakuna anayeiona. Jioni moja kwa mwaka ndiyo aliyoitwa kwa sauti.

Mwezi wa Novemba akaanguka. Alikuwa analaza mti wa mwiba ili ausuke uwe ua kwenye shamba la jirani, na jirani akamkuta kajilaza yeye mwenyewe humo humo ndani ya ua. Daktari akasema ni moyo. Akampa vidonge vya kumeza asubuhi na jioni, na akasema vidonge hivyo na pombe havikai nyumba moja, hata glasi moja, hata siku ya sikukuu. Nikauliza kuhusu juisi. Akasema juisi na maji anywe apendavyo.

Redvers aliitika tu. Akavaa kofia, akamshukuru daktari, tukarudi nyumbani. Ila aliacha kupiga mluzi. Mwanamume huyu hupiga mluzi akivaa viatu, akimenya viazi, hata kanisani mchungaji akirefusha. Nyumba ikawa kimya mpaka nikaanza kusikia saa ya ukutani, ambayo nilikuwa nadhani ilikufa zamani.

Nilipomuuliza kuhusu Januari akasema, "Nitaona."

Ninaijua hiyo nitaona. Aliisema kuhusu ngazi iliyooza, akaanguka nayo. Aliisema kuhusu fahali wa akina Vowles, akaruka boma akiwa na suruali nusu. Nikajua kwamba siku ikifika, mume wangu atasimama chini ya mti, ataitwa jina lake, na atalibinua lile kombe hata kama ndilo la kumpeleka kaburini. Na pombe ya mti si ya mchezo. Queenie Tazewell, mwenye baa, huitenga pipa lake peke yake tangu vuli, na paka wake hapiti karibu nalo.

Niliogopa. Nalisema hivyo hivyo lilivyo, niliogopa usiku na mchana.

Nikaenda kwa Queenie nikamwomba siku hiyo ajaze kombe kwa juisi ya matofaa iliyokamuliwa karibuni. Rangi ni ile ile, nani atajua? Queenie akakubali kabla sijamaliza kusema, maana naye alikuwa na mume zamani. Nikarudi nimejaa furaha, na kwa kuwa kufunga mdomo hakukuwahi kuwa kipaji changu, nikamwambia Redvers wakati wa chakula.

Akaweka uma chini. "Thirza, unataka nikaudanganye mti mbele za watu?"

"Mti hauna ulimi," nikamwambia.

"Mimi ninao."

Akarudi kwenye viazi vyake. Nikaona hakukataa juisi, alikataa siri. Nikasema vizuri, kama ni hivyo tutaomba hadharani, twende baa tukawaulize watu wote kama Hembrow anaweza kugida juisi. Akafikiri kidogo, akasema hilo linaulizika.

Hapo ndipo anapoingia Denzil Vowles. Denzil alikaa dawati moja na Redvers tangu wakiwa na meno ya maziwa, na ni rafiki yake wa kufa na kuzikana, kwa maana kwamba tangu wakati huo kila mmoja anasubiri kumzika mwenzake ili apate neno la mwisho. Ndiye mwenye bunduki inayopigwa kwenye matawi baada ya kombe kupinduliwa. Ndiye pia mtu anayeweza kukaa na glasi moja tangu baa inafunguliwa mpaka inafungwa, akiifyonza pembeni kama kuku. Lakini kombe lile alilitamani tangu utoto. Kijiji kizima kinajua, ila yeye.

Redvers akasema shida yake mbele ya watu wote, bila kujikunja. Denzil akafuta povu mdomoni, kwa leso, akasema, "Pole sana, ndugu yangu. Ila juisi hunywewa. Juisi haigidwi. Hata mtoto wa chekechea anajua hilo, maana ndiye anayeinywa."

Wengine wakacheka, wengine wakamkemea. Mmoja akasema wakati wa mavuno mtu akitoka juani hugida hata maji ya kisima. Denzil akasema hayo huyafakamia, na kufakamia si kugida, kwa sababu anayefakamia ana kiu na anayegida ana furaha. Mimi nikamuuliza yeye anayejua tofauti hizo zote amewahi kugida nini maishani mwake. Akasema mwenda pole hajikwai. Nikamwambia wala hafiki. Ikawa kelele tupu, na Queenie akapiga meza kwa kijiko.

Bi Yelland, mwalimu wetu wa shule, ambaye alikuwa amekaa kimya na kitabu chake, akasema nyumbani anayo kamusi kubwa, kesho atakuja nayo. Watu wakaona hilo ni jambo la busara. Penye wazee haliharibiki neno, na pale baani wazee tulikuwa tele. Basi sikilizeni jinsi neno lilivyoharibika.

Kesho yake akaja na kamusi kwenye kigari cha kubebea kuni. Akavaa miwani, akatafuta, akasoma: kunywa kwa wingi, kwa mkupuo mrefu, kwa raha. Basi. Haikutaja pombe. Haikutaja juisi. Redvers akanyoosha mgongo, na mimi nikamtazama Denzil kwa namna ambayo mama yangu asingeipenda. Lakini Bi Yelland hakufunga kitabu. Mwalimu akianza ukurasa ataumaliza. Akasema kuna jambo la kufurahisha hapa chini: asili ya neno haijulikani vizuri, na wataalamu wengine wanadhani lilizaliwa kwa kosa. Zamani s iliandikwa ndefu, ikafanana na f iliyokosa kijiti katikati. Huenda neno la kwanza lilikuja kutoka ng'ambo likiwa na s mbili mwishoni, likiwa na maana ya kula na kunywa kupita kiasi, mtu mmoja akalisoma vibaya, akadhani ni f, na wenzake wakamfuata.

Watu wakaweka glasi zao mezani. Unaambiwa neno la babu zako ni kosa la mtu aliyehitaji miwani.

Denzil akasimama taratibu, akaenda kwenye meko, akalishusha kombe. "Kwa hiyo hapa," akasema, "pamechongwa nini?"

Wakaliinamia wote. Walileta kandili, wakaleta kioo cha kukuzia cha mkusanya stempu. Zile herufi mbili za mwisho za quaff zimekaa mahali ambapo dole gumba la Hembrow hukaa, na madole gumba ya vizazi vitatu yalikuwa yameisaga mbao mpaka imekuwa laini. Aliyetaka f aliona kijiti. Aliyetaka s hakukiona. Denzil akasema kama ni s, basi kombe halimwambii mtu agide, linamwambia apite kiasi, na hakuna mtu duniani aliyepita kiasi kwa juisi. Redvers alilichukua kombe kutoka mikononi mwao, akaweka dole lake pale pale linapokaa, akalirudisha juu ya meko. Tukaenda nyumbani bila uamuzi wowote.

Siku ikafika. Baridi kali, matope yameganda, na watu wengi kuliko mwaka uliopita, kwa sababu habari ya s na f ilikuwa imefika mpaka kijiji cha pili. Queenie alikuja na magudulia mawili, la pombe mkono wa kulia na la juisi mkono wa kushoto, akasema yeye ni mwenye baa, si hakimu, waamue wenyewe la kumimina. Mkate wa kuokwa uliochovywa kwenye pombe, zawadi ya mti, ulikuwa umeshawekwa kwenye panda ya mti. Masufuria ya kupigia kelele za kuuamsha mti yalikuwa tayari mikononi. Redvers alisimama mbele, kavua kofia, kombe tupu kalishika kwa masikio yake mawili.

Wakaanza tena. Siwezi kuyarudia yote. Bi Yelland alikuwa na tochi, akawa anaelezea herufi kwa wageni. Mtu akasema juisi ni ya watoto. Mwingine akasema basi zichanganywe nusu kwa nusu, akazomewa na pande zote mbili. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya paa la baa na miguu yangu nilikuwa siisikii.

Halafu Denzil akamkaribia Redvers, akasema kwa upole, tena upole wa kweli, "Red, mwaka huu nigide mimi, wewe upumzike. Kuzeeka si aibu, mzee mwenzangu."

Angemtukana ingekuwa heri. Nilimwona mume wangu akiupokea ule upole kama mtu anayepewa nguo za marehemu. Akatikisa kichwa kidogo. Akamgeukia Queenie, akachukua gudulia la kulia, lile la pipa la mti, akamimina mwenyewe mpaka ukingoni. Nikaita jina lake. Hakusikia. Uso wake haukuwa na kiburi wala hasira. Alikuwa mtu anayerudi kwake.

Na watu, kwa kuwa hawakujua la kufanya, wakafanya walilozoea. Kombe limejaa, Hembrow amelishika, jua linazama. Wakaita, "Hembrow, gida!"

Sijui nilifikaje. Najua nilimkanyaga mtu, na najua mkono wangu ulikuwa kwenye sikio moja la kombe kabla halijafika mdomoni mwake.

"Aliyeitwa ni Hembrow," nikasema. "Mimi ni nani?"

Pombe ilikuwa inacheza ukingoni kati yetu.

Denzil akasema, "Bi Thirza, wewe ni wa akina Tucker."

"Nilikuwa wa akina Tucker nilipokuwa na kiuno. Tangu hapo nimefua suruali za Hembrow, nimezaa Hembrow, nimezika Hembrow. Kwenye cheti cha kanisa nimeandikwa Hembrow, na hapo hakuna s wala f ya kubishania."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa namtazama Redvers. Ningeweza kulivuta kombe, na yeye angeweza kulivuta, na tungelimwaga kama mbwa wanaogombea soksi. Sikulivuta. Hilo lilikuwa lake kulitoa, na nilijua kwamba asipolitoa mwenyewe sitakuwa nimeokoa kitu. Macho yake yalikwenda kwangu, yakaenda kwenye mti, yakarudi. Nilimwambia polepole, kwa ajili yake tu, kwamba nataka arudi na mimi nyumbani.

Akaachia sikio moja. Akakaa hivyo kidogo. Akaachia na la pili.

"Usipumue katikati," akasema.

Mimi kwa kawaida nikienda Kulungu Mweupe huagiza glasi ndogo ya mvinyo mtamu na kuitunza. Sasa nilikuwa nimekumbatia kombe la babu wa watu, na kijiji na nusu kinanitazama. Nikaweka dole gumba pale palipokuwa laini. Nikarudisha kichwa nyuma.

Mwanzo ni baridi tu, baridi inayouma meno. Kisha uchachu, na chini ya uchachu kuna utamu uliojificha, na mimi nikaufuata. Katikati mwili ulidai pumzi. Nikafumba macho nikamwona mama yangu kando ya boma, mikono kiunoni, anasubiri kutoa hukumu, nikaona afadhali nife kuliko anitaje katika walioonja. Nikaendelea. Koo likaacha kubishana. Na karibu na mwisho, siwezi kueleza vizuri, nikaanza kufurahi. Kifua kikapata joto, hofu yote ya tangu Novemba ikawa inashuka nayo, funda kwa funda, mpaka nikasikia hewa tupu ya kombe na pua yangu ikagusa mbao.

Meza haikuwepo, nikaligonga kombe kwenye shina la mtofaa. Leso ilikuwemo mfukoni mwa koti, safi, imepigwa pasi. Nikajifuta kwa mgongo wa mkono. Halafu sauti ikatoka tumboni bila kuitwa, na wageni wa kijiji cha pili wakarudi nyuma hatua moja.

Nikalipindua kombe juu ya mizizi. Likatoka tone moja, nalo likasitasita.

Aliyeanza kupiga sufuria alikuwa Redvers. Alilinyang'anya kutoka kwa aliyekuwa karibu akalipiga kwa kijiti cha kukung'utia zulia, na wote wakafuata, na kelele zilikuwa za kutisha kunguru mpaka wilaya nyingine. Tukamsubiri Denzil na bunduki. Alikuwa amesimama nayo chini ya kwapa, kaisahau, ananitazama. Akavua kofia.

"Hiyo ni f," akasema.

Bi Yelland akazima tochi. Denzil akapiga risasi yake kwenye matawi, na jambo likaisha kabla ya giza, kama desturi yetu inavyotaka.

Ndani baani nakumbuka kidogo. Nakumbuka niliimba, na nakumbuka nilimwambia Denzil kwamba yeye ni mtu mzuri ila anafyonza, naye akasema kweli, Bi Thirza, nafyonza, na nikaona ana machozi, au mimi ndiye niliyekuwa nayo. Kisha tulikuwa njiani, Redvers kanishika kiuno kile kile ambacho nilikuwa nimekitangaza hakipo, ananipitisha kwenye matope yaliyoganda na kunikosoa.

"Ulifumba macho," akasema. "Hembrow hafumbi. Hutazama tawi la juu kabisa. Mwakani tazama tawi."

Nikasema mwakani sijui kama nitakuwa hai, kwa jinsi kichwa kinavyozunguka. Akasema nitakuwa hai, na mazoezi tutaanza mwezi wa Septemba kwa maziwa ya mgando, hayo ni mazito zaidi. Tukatembea kidogo.

"Ningeinywa, Thirza."

"Najua."

"Nilikuwa nimeshaamua. Nikasema acha iwe hapa chini ya mti, ndipo mahali pangu." Akaniinua kuvuka dimbwi. "Nilipoliachia kombe nilidhani nitaona nimekatwa mkono. Nikaona ni kama nimeubadilisha tu mzigo, nimeuweka bega la pili. Nakushukuru."

Nilitaka kumjibu neno zuri, neno la kukumbukwa, lakini pombe ya Queenie haikuruhusu. Nikamwambia nampenda, na kwamba alale upande wa ukutani kwa sababu mimi nitahitaji kuwa karibu na mlango.

Nyumbani akanikalisha jikoni, akachochea makaa, akanivua viatu. Na alipokuwa amepiga goti kwenye kamba za kiatu cha pili nikasikia mluzi. Sikusema kitu, nisije nikautisha ukakimbia.

Kisha akachukua vidonge vyake vya jioni kwenye rafu. Kila siku huvimeza kwa tone la maji, kanipa mgongo, kama mtu anayeiba. Safari hii alichukua kikombe kile kikubwa cha udongo cha marehemu baba yake, akakijaza bombani mpaka maji yakamwagikia mkononi, akaja akasimama mbele yangu chini ya taa. Akaweka vidonge kwenye ulimi. Akarudisha kichwa nyuma, macho wazi, yanatazama dari kana kwamba huko juu kuna tawi. Koo lake likapanda na kushuka bila kupumzika. Kikombe kikatua mezani kwa kishindo mpaka vijiko vikalia kwenye droo. Mgongo wa mkono ukapita mdomoni. Ile sauti ikatoka tumboni kwake, nzito, niliyoizoea tangu nikiwa bibi harusi, na ambayo nilikuwa nimeshakubali moyoni kwamba sitaisikia tena.

"Mama yako alisemaje kuhusu dawa?" akaniuliza.

"Alisema haigidwi."

"Alikosea."

"Mama yangu?"

"Neno lenyewe lilizaliwa kwa kosa," akasema Redvers. "Litavumilia moja zaidi."

Nilikuwa nimelewa, lakini si kiasi cha kusahau lile katazo jingine la mama. Nikachukua glasi iliyokuwa mezani, nikaisukuma kwake, nikamwambia aijaze bombani mpaka juu, maana hakuna agidaye peke yake.